MILANGO YA SEVA: JINSI YA KUIFIKISHA PROGRAMU NDOGO KWA UMMA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kizuri kilichofungiwa chumbani kitajiuza kwa nani? Katika shule ya kutwa kama yetu, chumba cha tarakilishi hufungwa jioni na kila mtu akashika njia yake. Mwanachama akitunga programu ndogo ya kuulizia ngeli za Kiswahili, kisha akaiweka katika tarakilishi moja ya chumba hicho, atakuwa amewasaidia wale tu waliopata kiti mbele yake. Yule anayefanya kazi ya ziada nyumbani saa mbili usiku kwa simu ya mamake hapati kitu.

Ndugu msomaji, katika makala haya nakusudia kueleza hatua kwa hatua jinsi programu kama hiyo inavyotolewa chumbani ikafikiwa na mtu yeyote mwenye intaneti. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani programu ya ngeli. Mtu akiandika nomino "kiti" inamjibu KI-VI, akiandika "mti" inamjibu U-I. Tuseme imeandikwa kwa lugha ya Python pamoja na Flask, ambayo wengi hujifunzia.

Neno ninalotaka ulishike ni hili. Kufikiwa na umma si swichi moja unayoiwasha. Ni milango kadhaa inayofuatana, na kila mlango unaomfungulia rafiki umemfungulia pia mtu usiyemjua. Kwa hivyo kazi ni mbili: kufungua inayohitajika na kufunga isiyohitajika. Wengi hufanya ya kwanza wakaisahau ya pili.

KWA NINI PROGRAMU HAIONEKANI NJE

Kila kifaa kilicho mtandaoni kina anwani ya tarakimu. Katika mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, anwani ina sehemu nne, na kila sehemu ni nambari kuanzia 0 hadi 255. Ukipiga hesabu utapata kama anwani bilioni 4.3 tu. Watu duniani wamepita bilioni 8, sembuse vifaa vyao! Ndiyo maana anwani fulani zilitengwa ziwe za ndani, kwa mfano zinazoanza na 10 au 192.168. Hizi ni kama nambari za madarasa. Karibu kila shule ina chumba nambari 5, kwa hivyo huwezi kuandika "Chumba nambari 5" juu ya bahasha ukatarajia posta iifikishe. Tarakilishi za shule na za nyumbani aghalabu huwa na anwani za ndani. Hata laini nyingi za simu ziko hivyo hivyo.

Kuna anwani nyingine yenye ajabu yake, nayo ni 127.0.0.1. Maana yake ni "mimi mwenyewe". Ukiiwasha programu ya Flask bila kuiagiza vingine, hukaa ikisikiliza kwenye 127.0.0.1, mlango wa 5000. Anayeweza kubisha hodi hapo ni yule tu aliye ndani ya mashine hiyo hiyo.

Mlango ninaousema hapa wataalamu huuita poti. Ni nambari kuanzia 1 hadi 65535 inayoiambia mashine ujumbe ulioingia ni wa programu gani. Mlango wa 80 ni wa kurasa za wavuti za kawaida, wa 443 ni wa kurasa zilizofichwa kwa usalama, na wa 22 ni wa msimamizi kuingia na kuiendesha mashine kutoka mbali. Shika hizi tatu, tutazihitaji.

Utasema, basi si tuiache tarakilishi ya shule ikiwaka usiku kucha? Jambo hilo liliwahi kufanywa na mtu mkubwa. Tim Berners-Lee alipokuwa akiunda wavuti katika kituo cha CERN, kule Uswisi karibu na mpaka wa Ufaransa, seva ya kwanza ilikuwa tarakilishi yake ya NeXT ya ofisini. Alibandika juu yake karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu kuonya kwamba mashine hiyo ni seva, isizimwe. Kwetu karatasi haitoshi. Stima hupotea, swichi kuu huzimwa, na hata mashine ikiwaka bado anwani yake ni ya ndani. Tunahitaji mashine isiyolala na yenye anwani ya hadharani.

WINGU SI WINGU

Mashine ya namna hiyo hukodiwa. Watu husema iko "kwenye wingu", na mwanafunzi mwenzangu anaweza kudhani ni kitu kinachoelea angani. La hasha. Wingu ni jumba lenye maelfu ya mashine, feni, jenereta na walinzi. Mashine moja kubwa hugawanywa kwa programu maalum ikawa mashine nyingi ndogo, na kila mteja akakodishiwa yake. Amazon ilianza kukodisha seva za namna hii kwa umma mwaka wa 2006. Kwa sisi wa Afrika, majumba makubwa yamekaribia. Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka wa 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka wa 2024.

Je, umbali una maana? Unayo. Ombi la simu yako husafiri kwa nyaya hadi kwenye seva na jibu likarudi. Kabla ya mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na mambo yalikuwa polepole na ghali. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Leo ukikodi seva iliyo Ulaya au Afrika Kusini, mtumiaji aliyeko hapa Kenya hatahisi kucheleweshwa sana na programu ndogo kama yetu.

Programu ya ngeli haihitaji makubwa. Seva ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja na mfumo wa Linux yatosha, na kampuni nyingi hukodisha ya namna hiyo kwa dola chache za Marekani kwa mwezi. Hata hivyo malipo ni ya kila mwezi, hayaishi. Chama kikikosa kulipa, seva hufutwa pamoja na kilichomo. Basi kabla ya kukodi, mlezi wa chama na mweka hazina wakae chini wakubaliane ni nani atalipa na kwa muda gani.

MLANGO WA 22: KUINGIA WEWE MWENYEWE

Ukishakodi, kampuni hukupa anwani ya hadharani. Mashine iko mbali, haina kioo wala kibodi unayoweza kuigusa, kwa hivyo unaiingia kupitia mlango wa 22 kwa njia iitwayo SSH. Njia hii ilibuniwa na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki mwaka wa 1995. Kila unachoandika hufichwa njiani ili asikisome mtu mwingine.

Hapa usitumie nywila, tumia jozi ya ufunguo. Mfano wake ni kufuli na ufunguo. Kufuli, yaani ufunguo wa hadharani, unaiweka kwenye seva, na hata ikionwa na watu si hoja. Ufunguo wa siri unabaki kwako, humpi mtu, huutumi kwa WhatsApp, huuachi kwenye mashine ya saiba. Nywila inaweza kukisiwa, na mlango wa 22 ulio mtandaoni hubishwa na programu za wakora mchana na usiku zikikisia nywila. Hazikujui wala hazikuchukii, zinajaribu kila anwani tu. Ukishahakikisha ufunguo unafanya kazi, zima kabisa uwezo wa kuingia kwa nywila.

KUIHAMISHA NA KUIJARIBU

Sasa nakili faili za programu yako hadi kwenye seva, weka Python na vifaa vyake, kisha uiwashe. Kabla ya kukimbilia simu, ijaribu ukiwa ndani ya seva yenyewe kwa amri hii:

curl http://127.0.0.1:5000

Ukiona ukurasa wako umetapikwa kwa maandishi, programu ni nzima. Ikikataa hapa, usiguse kitu kingine, rudi kwenye programu. Hii ndiyo kanuni ya kuanzia ndani kwenda nje. Mtu anayeanzia nje hajui kama tatizo liko langoni, barazani au jikoni.

Jambo lingine. Flask huja na seva yake ndogo ya majaribio, nayo ikiwashwa huandika onyo kwamba haifai kutumiwa kwa kazi ya kweli. Onyo hilo si mapambo. Kwa kazi ya umma tumia Gunicorn iendeshe programu yako, na uiambie isikilize pale pale kwenye 127.0.0.1:5000. Halafu iandikishe kwa systemd, ambaye ndiye msimamizi wa huduma katika Linux nyingi. Kazi yake ni kuiwasha programu kila seva inapowaka na kuiinua ikianguka. Bila hivyo, ukifunga tarakilishi yako ukaenda kulala, programu nayo yaweza kulala.

MPOKEZI NA MABAWABU WAWILI

Sasa tumefika penye mzizi wa somo. Wengine watakushauri uiambie programu isikilize kwenye 0.0.0.0, yaani anwani zote za mashine, kisha ufungue mlango wa 5000 kwa dunia nzima. Itaonekana, ndiyo, lakini ni sawa na kumwingiza mgeni moja kwa moja jikoni. Njia bora ni kuweka mpokezi mbele.

Mpokezi huyo ni Nginx, programu iliyotolewa kwa umma na Igor Sysoev wa Urusi mwaka wa 2004. Nginx hukaa kwenye mlango wa 80 na wa 443, huwapokea wageni wote, kisha huyapeleka maombi yao ndani kwa programu yako. Katika faili yake ya mipangilio, mstari wenye uzito ni huu:

proxy_pass http://127.0.0.1:5000;

Programu ya ngeli inabaki ndani, haigusani na mtu wa nje. Mpokezi anaweza kuwakawiza wanaobisha mara elfu kwa dakika, na pia anaweza kuwapokea wageni wa programu nyingine mbili tatu katika seva hiyo hiyo.

Lakini hata mpokezi akiwa tayari, kuna mabawabu wawili wa kupita. Bawabu wa kwanza ni wa kampuni. Kampuni nyingi huwa na orodha ya milango inayoruhusiwa, unayoijaza kwenye ukurasa wao wa usimamizi. Bawabu wa pili yuko ndani ya seva, naye ni faiwoli ya Linux. Mmoja akikataa, ruhusa ya mwenzake haisaidii. Katika Ubuntu, bawabu wa ndani huamriwa hivi:

sudo ufw allow 22
sudo ufw allow 80
sudo ufw allow 443
sudo ufw enable

Angalia mpangilio wake. Mlango wa 22 umeruhusiwa kabla ya faiwoli kuwashwa. Ukiiwasha kwanza, unaweza kujifungia nje ya nyumba yako mwenyewe na ufunguo ukiwa mkononi. Angalia pia kisichoandikwa. Mlango wa 5000 haumo, na milango ya hifadhidata, kama 3306 wa MySQL au 5432 wa PostgreSQL, haimo. Hiyo haina biashara yoyote na umma.

JINA NA CHETI

Hadi hapo rafiki yako anaweza kuifikia programu kwa kuandika anwani ya tarakimu, lakini nani atazikumbuka? Ndipo panahitajika jina. Mfumo wa kubadilisha majina kuwa tarakimu, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka wa 1983, na hufanya kazi kama kitabu cha simu. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na shule zimetengewa .sc.ke. Jina likishapatikana, unaandika rekodi ya aina ya A inayosema jina hili ni la anwani hii. Mabadiliko yaweza kuchukua dakika au saa kadhaa kuenea, kwa hivyo subira yavuta heri.

Baada ya jina ni cheti. Kwenye mlango wa 80 maandishi husafiri peupe, na yeyote aliye katikati ya njia anaweza kuyasoma au kuyabadilisha. Kwenye mlango wa 443 hufichwa, lakini kivinjari hudai cheti kinachothibitisha kuwa seva kweli ndiyo mwenye jina hilo. Zamani vyeti vya kawaida vilinunuliwa. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2015, shirika la Let's Encrypt huvitoa bila malipo, na programu ya Certbot hukuombea na kukuwekea. Vyeti hivyo ni vya muda mfupi, hata havizidi miezi mitatu, basi hakikisha vinajifanya upya vyenyewe. Fuata mpangilio pia: jina kwanza, cheti baadaye. Kwa njia ya kawaida, shirika hulifuata jina lako hadi mlango wa 80 kuhakikisha ni wako. Jina likiwa bado linaelekea kwingine, hutapewa.

KUSOMA DALILI

Daktari hatibu kabla ya kuuliza panauma wapi. Programu isipofikika, skrini huonyesha dalili, na kila dalili ina mlango wake.

1. Jina halipatikani: tatizo liko kwenye DNS. Ujumbe haujafika hata kwenye seva.

2. Kungoja, kungoja, mwishowe muda unaisha: mara nyingi ni bawabu mmoja anayeutupa ujumbe bila kujibu. Kagua orodha ya kampuni, kisha ufw. Huenda pia seva yenyewe imezimwa.

3. Muunganisho unakataliwa papo hapo: kwa kawaida ujumbe umefika kwenye mashine lakini mlangoni hapana anayesikiliza. Nginx imezimwa, au unabisha mlango wa programu inayosikiliza 127.0.0.1 pekee.

4. Nambari 502: mpokezi yupo, anayetafutwa ofisini hayupo. Programu yako imeanguka. Mwulize systemd.

5. Onyo la usalama: cheti kimekwisha muda au ni cha jina jingine.

Mtu akizijua dalili hizi tano hapotezi usiku mzima akibadilisha kila kitu kwa pamoja. Anabadilisha jambo moja, anajaribu, anaendelea.

KISICHOPASWA KUTOKA NJE

Sasa, walimu wapendwa na wanachama wenzangu, tusikilizane. Programu ya majaribio ya ngeli inaweza kuhifadhi majina ya wanafunzi, kidato na alama walizopata. Ndani ya chumba cha tarakilishi hilo linaonekana dogo. Hadharani ni jambo lingine kabisa. Alama mbaya ya mwenzetu wa Kidato cha Kwanza inaweza kusomwa na jirani, na nambari ya simu ya mzazi inaweza kufika kwa walaghai.

Hii si adabu tu, ni sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto huyo. Wengi wetu hapa tuko chini ya miaka 18. Rai yangu kwa chama ni kwamba tukiitoa programu nje, tutoe nomino na ngeli zake pekee. Mtu ajipime, aone alama zake, akifunga ukurasa ziishe. Tusiombe jina, tusihifadhi alama. Data ambayo haipo haiwezi kuibwa.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini yasisahauliwe. Sasisha mfumo wa seva mara kwa mara, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Weka nakala ya programu na orodha ya nomino mahali pengine. Usiandike nywila yoyote ndani ya faili za programu unazowaonyesha watu. Wawili au watatu wajue namna ya kuingia, kila mmoja kwa ufunguo wake, kwa maana wa Kidato cha Nne huondoka na shule hubaki.

Kwa muhtasari, programu inasikiliza ndani, Nginx inapokea nje, mabawabu wawili wanaruhusu milango mitatu, jina linaonyesha njia na cheti kinalinda mazungumzo. Yote mengine yafungwe. Ikiwa hivyo, yule aliye nyumbani saa mbili usiku na simu ya mamake ataandika "uzi" na kujibiwa U-ZI, bila kujua milango mingapi imefunguliwa kwa ajili yake. Wala hahitaji kujua.

ZOEZI

1. Eleza tofauti ya 127.0.0.1 na 0.0.0.0 kwa mfano wako mwenyewe.

2. Kwa nini mlango wa 22 huruhusiwa kabla ya faiwoli kuwashwa?

3. Mwenzako ameona nambari 502 kwenye simu. Taja milango ambayo tayari unajua imefunguka, na utoe sababu.

4. Ndani ya seva amri ya curl inajibu vizuri, lakini simu inangoja hadi muda unaisha. Utakagua nini kwanza, na nini cha pili?

5. Neno "seva" na neno "cheti" yako katika ngeli zipi? Tunga sentensi moja ukiyatumia yote mawili kwa upatanisho sahihi.

Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya mwisho wa muhula.